Manukato Yamo Uani Mwako



Kesho asubuhi, kabla jua halijachomoza, toka nje ya nyumba yako. Zunguka uani. Ukifika penye mchaichai, kata jani moja. Lifikiche kwa vidole, kisha nusa. Nenda penye mrehani, ufanye vivyo hivyo. Pita kwenye mlimau, chuma jani moja, lifikiche. Halafu nusa vidole vyako.

Unasikia nini? Unasikia manukato. Hukuyanunua. Hakuna gari lililoyaleta kutoka mjini. Yameota kwenye udongo wa Nyakitonto, yakanyeshewa na mvua ya Mungu.

Mwezi huu gazeti lako linakufundisha kuyatoa manukato hayo kwenye majani na maua, na kuyaweka katika chupa. Kazi si ngumu. Vifaa vyote vimo jikoni mwako. Lakini ina mambo mawili ambayo lazima uyajue. Jambo la kwanza ni subira. Moto mkali na haraka huiharibu harufu. Jambo la pili ni hadhari. Kitu cha asili si lazima kiwe salama. Moto unaunguza, na mmea unaweza kudhuru ngozi.

Soma hatua moja, uifanye. Kisha soma hatua inayofuata.

FEDHA ZINAKWENDA WAPI?

Kunukia vizuri ni sehemu ya usafi. Ni heshima kwako na kwa mwenzako. Binti anapoolewa, hupakwa manukato. Mgeni anapokuja, nyumba hufagiliwa na kutiwa harufu nzuri. Hakuna ubaya katika hayo.

Lakini hebu tufanye hesabu. Tuseme kila mwezi unanunua kichupa kimoja cha manukato kwa shilingi 3,000. Mwaka una miezi 12. Zidisha 3,000 kwa 12. Utapata shilingi 36,000. Fedha hizo zingenunua madaftari na kalamu za watoto. Zingenunua chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia.

Tena, je, unajua umenunua nini? Kitazame kichupa kile. Mara nyingine hakina karatasi. Hakisemi kimetengenezwa na nani, wala lini, wala kwa vitu gani. Wewe unakipaka shingoni mwako na kumpaka mtoto wako. Kuna vipodozi vilivyoonekana kuwa na zebaki, au dawa iitwayo haidrokwinoni. Vitu hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini kwetu, kwa sababu vinadhuru mwili. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni huharibu ngozi.

Ukitengeneza mwenyewe, unajua ulichotia.

HARUFU INAKAA WAPI?

Harufu ya mmea ni mafuta. Mafuta hayo ni machache sana. Yamo ndani ya vifuko vidogo sana. Katika mchaichai yamo ndani ya jani. Katika waridi yamo kwenye petali, yaani yale majani laini ya ua. Katika chungwa yamo kwenye ganda.

Unataka kuamini? Usiku, chukua ganda bichi la chungwa. Libane karibu na mwali wa kibatari. Utaona cheche ndogo zikiwaka. Hayo ndiyo mafuta ya ganda. Kumbuka basi kwamba mafuta ya manukato hushika moto.

Mafuta haya hayafanani na mafuta ya alizeti. Tone la alizeti likianguka juu ya kitambaa, linabaki. Mafuta ya harufu huruka na kupotea hewani. Jua likiwa kali, yanaruka upesi zaidi. Ndiyo maana wakulima wa mawaridi huchuma maua alfajiri. Ukichuma saa sita mchana, sehemu ya harufu imekwisha kwenda zake.

Tena mafuta hayo ni machache kweli kweli. Ukichukua kilo 100 za mchaichai mbichi, utapata chini ya kilo moja ya mafuta. Kwa waridi ni kazi kubwa zaidi. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji petali zaidi ya kilo 3,000. Ndiyo sababu mafuta safi ya waridi ni ghali sana duniani.

Sisi hatutafuti mafuta safi. Tunatafuta maji yenye harufu, na mafuta ya kupaka yenye harufu. Hayo tunayaweza.

WENGINE WANAFANYAJE?

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi pamoja na manukato ya mimea.

Nenda Unguja, Mombasa au Lamu. Akina mama wa huko hutengeneza kikuba. Kikuba ni kifurushi kidogo cha maua ya asumini, majani ya mrehani na petali za waridi. Hukifunga vizuri, wakakiweka nywelani au kukibandika kwenye nguo. Hawachemshi kitu. Ua lenyewe ndilo manukato.

Nenda Pemba. Hapo Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta ya makonyo. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Vijiti hivyo vingeweza kutupwa, lakini vinatoa mafuta yanayouzwa nchi za nje.

Vuka bahari kidogo hadi visiwa vya Komoro. Watu wa huko hulima langilangi, mti wenye maua ya manjano. Mafuta yake hutiwa katika manukato ya bei kubwa huko Ufaransa na kwingineko.

Na huko Oman, juu ya mlima uitwao Jabal Akhdar, watu hulima mawaridi kwenye matuta ya mlimani. Wakati wa mavuno huanza mwezi Machi hivi, ukaishia Mei. Huchemsha petali katika chungu. Juu ya chungu huweka chombo chenye maji baridi. Mvuke unapanda, unagusa chombo baridi, unageuka kuwa maji, na kudondoka katika bakuli lililo ndani. Hayo ndiyo marashi ya mawaridi.

Njia hiyo ya Oman haitaki mtambo. Inataka chungu, moto na maji baridi. Nyakitonto tuna vyote vitatu.

MIMEA ILIYOPO KWETU

Nchi yetu ya Kasulu na Kibondo ni ya juu, na ina mvua ya kutosha. Mimea mingi ya harufu inastawi hapa.

Mchaichai. Harufu yake ni kama ya limau. Chukua shina lenye mizizi kutoka kwa jirani. Panda mvua zinapoanza. Acha nafasi ya hatua moja kati ya shina na shina. Baada ya miezi kama 6 unaweza kuanza kukata majani. Ukikata, yanachipua tena. Panda mstari mmoja kukingama mteremko wa shamba. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mvua. Kwa hiyo utapata chai, utapata harufu, na shamba lako litapona.

Mrehani na kivumbasi. Hizi ni ndugu. Kivumbasi huota hata porini na kando ya njia. Chuma majani wakati maua yanapoanza kutokea.

Mlimau, mndimu na mchungwa. Tumia majani, na maganda ya chungwa.

Waridi na asumini. Kama huna, omba kijiti kwa mwenye nacho, ukipande. Asumini hutoa harufu zaidi usiku. Ichume jioni sana au alfajiri.

Mkaratusi. Majani yake yana harufu kali. Tumia kidogo tu, kwa nguo na kwa nyumba. Usimpake mtoto mdogo.

Tangawizi na karafuu. Tangawizi tunailima. Karafuu chache hupatikana dukani. Punje 10 zinatosha.

Usitumie mmea usioujua. Kama hujui jina lake, muulize mzee au bwana shamba.

NJIA YA KWANZA: MFUKO WA HARUFU

Anza na njia hii. Hata mtoto wa shule anaiweza.

1. Chuma majani ya mrehani na ya mchaichai asubuhi, umande ukisha kukauka.

2. Yatandaze kivulini juu ya ungo. Usiyaanike juani. Jua litakunyang'anya harufu.

3. Kata maganda ya chungwa vipande vidogo. Yatandaze pia.

4. Ngoja mpaka yakauke na kuvunjika kwa urahisi. Wakati wa kiangazi huchukua siku 4 au 5. Wakati wa masika huchukua siku nyingi zaidi.

5. Changanya majani na maganda. Tia karafuu 10 zilizopondwa kidogo.

6. Shona kifuko kwa kitambaa chepesi. Jaza, ufunge mdomo.

Weka kifuko hicho katikati ya nguo zako sandukuni. Siku ya kuvaa kitenge chako, utajua faida yake. Harufu ikipungua, kiminye kifuko kwa mkono. Ikiisha kabisa, badili majani.

NJIA YA PILI: MAJI YA MANUKATO

Umewahi kupika wali? Unapofunua kifuniko, unaona matone ya maji chini yake. Maji hayo yametoka wapi? Yalikuwa mvuke. Mvuke umegusa kifuniko, ukapoa, ukawa maji tena. Njia yetu ni hiyo hiyo. Tofauti yake ni kwamba tunaukamata mvuke uliobeba harufu.

Tafuta vitu hivi: sufuria kubwa na kifuniko chake, jiwe safi la bapa, bakuli la kauri au la chuma, majani, maji safi, na chupa yenye kizibo. Usitumie bakuli la plastiki. Litayeyuka.

1. Osha jiwe na sufuria vizuri kwa sabuni. Suuza mpaka harufu ya sabuni iishe. Sufuria yenye harufu ya kitunguu itakupa manukato ya kitunguu.

2. Weka jiwe katikati ya sufuria.

3. Katakata majani ya mchaichai. Konzi 6 au 8 zinatosha. Yaweke kulizunguka jiwe.

4. Mimina maji hadi yafunike majani. Yasifike juu ya jiwe.

5. Weka bakuli juu ya jiwe. Hakikisha limekaa imara.

6. Funika sufuria kwa kifuniko kilichopinduliwa, yaani mkono wake utazame chini, juu ya bakuli. Matone yatateremka kuufuata mkono huo na kudondoka bakulini.

7. Kanda unga kidogo kwa maji. Ziba nao ukingo wa sufuria, mvuke usitoke.

8. Washa moto mdogo. Maji yachemke taratibu. Ukisikia bakuli linagongagonga, moto umezidi. Punguza kuni.

9. Mimina maji baridi juu ya kifuniko. Yakipata moto, yachote, utie mengine baridi. Fanya hivyo mpaka mwisho.

10. Baada ya dakika kama 40, epua. Usifungue. Ngoja ipoe kabisa. Mvuke unaunguza kuliko maji ya moto.

11. Fungua, utoe bakuli. Ndani yake una maji ya manukato. Yanaweza kuwa glasi moja tu. Usisikitike. Ni kidogo lakini ni ya kweli.

12. Chemsha chupa na kizibo chake, uvikaushe. Mimina maji yako. Andika kwenye karatasi jina la mmea na tarehe. Ibandike kwenye chupa. Sasa unaona faida ya kujua kuandika.

Usichemshe zaidi ya saa moja. Maji yakiisha ndani ya sufuria, majani yataungua. Kazi yako yote itanuka moshi.

Weka chupa mahali pa baridi na giza. Maji haya hayana dawa ya kuyahifadhi. Yatumie katika wiki moja au mbili. Ukiona yamekuwa na ukungu, au yananuka uchachu, yamwage. Tengeneza mengine.

Nyunyiza maji hayo kwenye nguo, kitandani, au mikononi mwa mgeni. Tunakuambia ukweli: harufu yake haikai siku nzima. Ni nyepesi. Ukitaka harufu ya kukaa, fuata njia ya tatu.

NJIA YA TATU: MAFUTA NA NTA

Mafuta ya kupaka huishika harufu. Hayaiachi iruke upesi. Tumia mafuta ya alizeti, kwa sababu harufu yake ni ndogo. Mafuta ya mawese na ya mise ni mazuri kwa kazi nyingine, lakini yana harufu yao yenyewe. Mawese pia yatatia rangi nguo yako.

1. Chukua majani yaliyokauka kabisa. Maji yakibaki ndani ya majani, mafuta yataoza.

2. Yaponde kidogo kwenye kinu. Jaza nusu ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana.

3. Mimina mafuta mpaka yafunike majani yote.

4. Tandika kitambaa ndani ya sufuria. Simamisha chupa juu yake. Tia maji hadi nusu ya chupa. Usifunge kizibo.

5. Weka sufuria kwenye makaa machache kwa saa 2. Maji yawe ya moto, lakini yasichemke. Usiweke mafuta moja kwa moja juu ya moto. Yanaweza kuwaka.

6. Chuja kwa kitambaa safi. Kamua vizuri.

7. Harufu ikiwa ndogo, tia majani mengine makavu katika mafuta yale yale. Rudia kazi. Mara ya pili au ya tatu utaridhika.

Asumini haipendi moto. Ikichemshwa, harufu yake hufa. Basi tia maua katika mafuta yasiyo ya moto, ufunike. Kesho yake yatoe, utie maua mapya. Fanya hivyo siku 7. Kisha chuja. Kama maji yametulia chini ya mafuta, mimina mafuta polepole, uyaache maji.

Baba, sasa tunasema nawe. Kasulu na Kibondo ni nchi ya nyuki. Ukishakamua asali, unafanya nini na masega? Wengine huyatupa. Usitupe. Ndani yake kuna nta.

Chemsha masega kwa maji katika sufuria kuukuu, kwa sababu nta hushika na haitoki upesi. Chuja kwa gunia au kitambaa. Acha ipoe. Nta itaelea juu na kuganda. Iondoe, uifute maji, uianike.

Sasa mpe mama nta hiyo. Mama, kwaruza nta kwa kisu. Pima kijiko 1 cha nta kwa vijiko 4 vya mafuta yenye harufu. Viweke katika bati dogo safi. Weka bati hilo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, kama ulivyofanya kwa chupa. Nta ikiyeyuka, koroga, epua, umimine katika vikopo vidogo. Ikipoa, inaganda. Ikiwa ngumu mno, yeyusha tena uongeze mafuta. Ikiwa laini mno, ongeza nta.

Hayo ni manukato ya mgando. Hayamwagiki njiani. Paka kidogo nyuma ya masikio, shingoni na kwenye vifundo vya mikono.

Lakini oga kwanza. Manukato hayaondoi uchafu. Manukato juu ya jasho ni kama chokaa juu ya ukuta uliooza.

HADHARI

Soma sehemu hii mara mbili. Msomee na mwenzako asiyejua kusoma.

Jaribu kwanza. Paka tone moja upande wa ndani wa mkono wako. Ngoja siku moja. Ngozi ikiwasha, ikivimba au ikiwa nyekundu, osha kwa sabuni. Usitumie tena mmea huo.

Usijipake maji ya ndimu wala ya limau kisha ukaenda shambani. Ndimu na jua vikikutana juu ya ngozi, vinaunguza. Malengelenge hutokea, na baadaye mabaka meusi yanayokaa siku nyingi.

Usitie gongo. Wengine watakuambia kwamba manukato ya dukani yana spiriti, kwa hiyo nawe utie gongo. Usikubali. Kupika gongo ni kosa la jinai. Tena inaweza kuwa na sumu. Spiriti ya kuwashia moto nayo ina sumu. Njia tatu ulizosoma hazihitaji pombe hata tone.

Watoto wakae mbali na moto. Usiache sufuria peke yake. Usifanye kazi hii usiku karibu na kibatari.

Usinywe manukato. Weka chupa mahali ambapo mtoto hafiki. Usiweke katika chupa ya soda, maana mtoto ataiona kuwa soda. Mafuta safi ya mkaratusi ni hatari sana mtoto akiyanywa. Mtoto akinywa kitu chochote cha namna hiyo, mpeleke zahanati mara moja, ukichukua na chupa.

Usiache chandarua. Watu husema kivumbasi na mchaichai hufukuza mbu. Harufu inaweza kuwasumbua mbu kwa muda mfupi. Halafu inaisha, nao wanarudi. Mkoa wetu wa Kigoma una malaria nyingi. Paka manukato ukipenda, lakini lala ndani ya chandarua chenye dawa. Mama mjamzito na mtoto mchanga wasikose chandarua hata usiku mmoja.

MKITAKA KUUZA

Huenda jirani atanusa, aseme: "Mama, nami niuzie." Utafanya nini?

Kwanza, usikimbilie kuuza. Tengeneza mara kadhaa kwa matumizi ya nyumbani mwako. Andika katika daftari kila ulichofanya: majani kiasi gani, mafuta vijiko vingapi, moto muda gani. Mtu akinunua leo na kurudi mwezi ujao, anataka harufu ile ile. Bila daftari hutaweza.

Pili, ungana na wenzako. Mmoja ana mchaichai, mwingine ana mizinga, mwingine ana alizeti. Mkiwa kikundi, kila mmoja analeta chake. Chagueni mweka hazina anayeandika mapato na matumizi.

Tatu, fuateni sheria. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Kabla hamjapeleka bidhaa sokoni, ulizeni masharti yake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama ninyi. Lina ofisi mkoani Kigoma. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaonyesha pa kuanzia.

Nne, semeni ukweli. Kama ni maji ya mchaichai, andikeni maji ya mchaichai. Msiseme yanaponya ugonjwa. Manukato si dawa.

Tano, pigeni hesabu. Hesabuni kuni, mafuta, vikopo na muda wenu. Ikiwa kikopo kimegharimu shilingi 800, nanyi mnauza shilingi 700, mnafanya kazi ya kujifilisi. Kuni pia si za bure. Pandeni miti.

NDUGU MSOMAJI,

Tumeanza na jani moja ulilofikicha kabla ya jua kutoka. Jani lile lilikuwa pale mwaka jana na mwaka juzi. Lilikuwa linanukia, nawe ulikuwa unapita. Fedha zako zilikuwa zinakwenda mjini kutafuta kitu ambacho kilikuwa kinakusubiri uani.

Huhitaji kufanya yote leo. Wiki hii tengeneza mfuko mmoja wa harufu. Wiki ijayo jaribu sufuria. Ukiharibu, rudia. Mwezi ujao, mtoto wako atakapoomba daftari, huenda utakuwa na shilingi 3,000 ambazo hukuzitumia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni mimea gani yenye harufu nzuri inayoota kijijini kwetu? Taja mitano.

2. Kwa nini tunachuma majani asubuhi, na kuyakausha kivulini?

3. Kwa nini tunatia maji baridi juu ya kifuniko cha sufuria?

4. Katika nyumba yako, ni vitu gani vinavyotupwa ambavyo vingeweza kutumika? Masega je? Maganda ya chungwa je?

5. Jirani anasema: "Mimi sihitaji chandarua, najipaka kivumbasi." Utamjibu nini?

MAANA YA MANENO

Hadhari: kujiangalia usipatwe na madhara.

Kizibo: kitu cha kuzibia mdomo wa chupa.

Mgando: kitu kilichoganda, si maji maji.

Mise: mbegu za ndani za mchikichi.

Mvuke: maji yaliyogeuka kuwa hewa yanapochemka.

Vipodozi: vitu vya kujipaka ili kupendeza au kunukia.